Mchezaji Amenunua Nini?

Ukitaka kuwasikia watu wazima wakibishana juu ya sheria ambayo haijaandikwa popote, kaa karibu na mchezo wa kadi jioni yoyote pale Makutano mjini Meru, au nyuma ya steji ya matatu kule Embu. Mbili inamlisha mwenzako kadi mbili, tatu inamlisha tatu, jokeri tano. J inamruka anayefuata, K inarudisha mzunguko ulikotoka, Q na 8 ni maswali yanayotaka jibu. Hayo kila mtu anakubali. Ubishi huanza na A ya shupaza: je, inaweza kuitisha kadi yenyewe kwa jina, au inaitisha shupaza yoyote tu? Na aliyesahau kutamka "niko kadi" kabla ya kumaliza, adhabu yake ni ipi? Meza moja hujibu hivi, meza iliyo hatua kumi kutoka hapo hujibu vingine, na kesi haiendi mbali zaidi ya meza. Aliyeubuni mchezo hajulikani, na hata angejulikana asingeulizwa. Wanaocheza ndio wenye sheria.

Kijana aliyelelewa na meza ya namna hiyo akivuka barabara na kuingia kibanda cha PlayStation, huingia na imani ileile kwamba mchezo ni wa wanaoucheza. Kibandani pia mna sheria za nyumba. Husimamishi mechi mpaka mpira utoke, aliyefungwa anaachia padi, na timu yenye nguvu kupita kiasi inaweza kupigwa marufuku na mwenye kibanda ili ugomvi upungue. Lakini chini ya sheria hizo zipo nyingine ambazo hazibishaniwi. Kasi ya mshambuliaji, uzito wa mpira, nani yumo kikosini na nani hayumo, yote yaliamuliwa na watu walioko Japani au Kanada, na yanaweza kubadilika usiku mmoja kwa sasisho ambalo hakuna aliyeliomba. Mchezo huu una mwenyewe.

Ugomvi wa mashabiki na waundaji wa michezo ya video, ambao hauishi duniani, chimbuko lake ni hapo. Wanaowatetea waundaji husema mashabiki wamedeka: wanataka kila kitu, wanakitaka leo, na wakikosa wanatukana. Deko lipo, na nitalifikia. Ila ukiisikiliza kelele moja kwa makini utakuta ndani yake madai ya namna mbalimbali, na mengine ni ya haki kabisa.

Wacheza kandanda ya skrini wanalikumbuka la eFootball. Konami, kampuni ya Japani iliyotengeneza mchezo wa PES kwa miaka ipatayo 20, iliamua kuliacha jina hilo, na tarehe 30 Septemba 2021 ikatoa eFootball bila malipo. Timu zilikuwa chache, nyuso za wachezaji mashuhuri zilikuwa zimepinda, miili ilikuwa ikipenyana kama mizimu. Katika duka la Steam mchezo huo ulipewa alama mbaya kuliko karibu michezo yote iliyowahi kuuzwa humo. Siku chache baadaye Konami iliomba radhi, na toleo la 1.0 lilikuja Aprili 2022. Hapo hakuna shabiki aliyeingilia ubunifu wa mtu. Mguu unaopita ndani ya mguu mwingine si mtindo wa kisanaa. Ni kasoro, na kwa kasoro mtumiaji ana neno: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, inampa haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, pamoja na maelezo anayohitaji ili anufaike nazo.

Maelezo hayo ndiyo yaliyoleta vurugu ya No Man's Sky, na kesi hii inafaa tuitazame polepole. Hello Games ilikuwa kampuni ndogo ya Guildford, Uingereza, yenye watu kama 15 hivi. Mwishoni mwa 2013 ilionyesha picha za mchezo wenye ulimwengu usio na mwisho, sayari kwa matrilioni, na kwa miaka iliyofuata mkuu wake, Sean Murray, akawa akiulizwa kwenye televisheni na majukwaani: je, nitaweza kufanya hiki? Na kile? Mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo, au lilikuwa la kuchekesha kiasi kwamba lilisikika kama ndiyo. Mei 2016 ikatangazwa kwamba mchezo ungechelewa, kutoka Juni hadi Agosti. Murray akatishiwa kuuawa. Mwandishi wa habari aliyetangulia kuripoti ucheleweshaji huo akatishiwa pia, kana kwamba yeye ndiye aliyeficha sayari. Agosti mchezo ulipotoka, wachezaji wawili walipanga kukutana mahali pamoja katika sayari moja. Walifika, na hawakuonana. Kukutana na mwenzako, jambo ambalo watu waliamini wameahidiwa, hakukuwamo.

Matukio haya mawili huwekwa kwenye kapu moja, na kufanya hivyo ni kosa. Mei mashabiki walimtisha mtu kwa sababu alihitaji wiki kadhaa zaidi ili kazi iive. Agosti walilalamika kwa sababu walichouziwa hakikufanana na walichoambiwa. La kwanza ni uhuni. La pili ni dai la mnunuzi yeyote popote, na hata mamlaka ya matangazo ya Uingereza ililichunguza, ingawa mwishowe iliona matangazo yale hayakuvunja kanuni. Hello Games ilinyamaza, ikarudi kazini, na Julai 2018 ikatoa sasisho lililowawezesha wachezaji kuonana hatimaye, bila kumtoza mtu senti. Masasisho hayajaacha kuja tangu hapo. Wengi hulisifu kama hadithi ya mtu aliyejirekebisha. Kwangu mimi somo lake ni kavu zaidi: alichorudisha Murray ni ahadi, na mashabiki walikuwa na haki ya ahadi tangu mwanzo. Hawakuwahi kuwa na haki ya Mei.

Hadithi ni suala jingine kabisa. Mass Effect ya kampuni ya BioWare, huko Kanada, ilikuwa na sehemu tatu, 2007, 2010 na 2012, na uzuri wake ulikuwa kwamba uamuzi uliofanya katika sehemu ya kwanza ulikufuata mpaka ya tatu. Uliyemwokoa alikuwepo, uliyemwacha afe hakuwepo. Mchezaji alikaa na hadithi ile miaka mitano akiamini anaijenga yeye. Sehemu ya tatu ilipotoka Machi 2012, mwisho ulikuwa wa kuchagua njia mojawapo kati ya tatu, na zote zilionyeshwa kwa picha zilizofanana mno, tofauti kubwa ikiwa rangi ya mwanga. Mashabiki wakaja juu. Walianzisha kampeni, wakachangisha zaidi ya dola 80,000 kwa ajili ya watoto wagonjwa ili waonekane hawana nia mbaya, na mmoja wao akapeleka malalamiko kwa tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara.

Juni mwaka huohuo BioWare ilitoa mwisho uliorefushwa, bure. Haikubadilisha uamuzi wake wa msingi. Iliongeza maelezo, ikaonyesha waliobaki wanaishije, na ikaongeza njia ya nne: mchezaji sasa aliweza kukataa zile tatu zote. Akikataa, adui anashinda na kila mtu anakufa. Sijui kama waandishi walicheka walipokuwa wakiitunga njia hiyo, lakini mimi nilicheka nilipoielewa.

Je, mashabiki walikuwa na haki? Kwa kiasi. Kabla ya mchezo kutoka waundaji wenyewe walikuwa wamesema kwamba maamuzi ya mchezaji yangezaa miisho iliyotofautiana sana. Hilo ni ahadi, na linarudi kwenye hoja ya Murray. Lakini sehemu kubwa ya kelele haikuhusu ahadi. Ilihusu huzuni. Watu walitaka shujaa wao aishi. Hapo shabiki anaacha kudai alichouziwa na anaanza kudai kalamu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huiweka programu ya kompyuta kwenye fungu moja na riwaya: zote mbili ni kazi za fasihi. Sheria hiyohiyo inampa mtunzi haki za kimaadili, yaani atambuliwe kuwa ndiye mtunzi na aweze kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna ya kumvunjia heshima. Aliyenunua nakala amenunua nakala. Anaweza kusema mwisho ni mbovu, akausema kwa sauti na kwa hoja, akakataa kununua sehemu ya nne. Huo ni uhakiki, na uhakiki ni haki kubwa kuliko wengi wanavyoithamini. Kulazimisha mwisho uandikwe upya ni mamlaka ambayo nakala haiji nayo. Na kumtumia vitisho Laura Bailey mwaka 2020, kwa sababu tu aliigiza sauti ya mhusika wasiyempenda katika mchezo wa The Last of Us Part II, hakuna fungu la haki linalokufikia hata kwa mbali.

Kipimo ninachokiona kinafaa ni hiki: kila dai lina uzito wa kile mdai alichotia. Aliyetia pesa anadai kitu kinachofanya kazi na kinacholingana na maelezo yake. Aliyetia saa mia anadai kusikilizwa kama mhakiki anayeijua kazi kwa undani, si kama bosi. Na aliyetia kazi ya mikono yake anadai zaidi.

Hawa wa mwisho Afrika Mashariki tunao tele, ila hatujazoea kuwahesabu. Bus Simulator Indonesia, uliotolewa 2017 na kampuni ya Maleo, humruhusu mchezaji kuvalisha basi rangi na michoro yake, na baadaye ukaruhusu hata magari mapya yaliyochorwa na wachezaji wenyewe. Ndiyo maana utamkuta kijana kwenye simu ya kawaida anaendesha basi lenye rangi za kampuni ya Kenya au Tanzania kwenye barabara za Java, trafiki ikipita kushoto kama kwetu. Dream League Soccer nayo iliacha mlango wa kuingiza jezi na nembo, na jezi za Gor Mahia, Simba na Yanga zikapita hapo. Hakuna aliyemtumia mtu wa Indonesia matusi ili apate basi la kwao. Mwenye mchezo aliamua ni chumba kipi kiwe cha wageni na kipi kiwe chake, na wageni wakafanya makubwa katika chumba chao. Udhibiti wa kisanaa haukupotea hata kidogo. Dosari moja ninayoiona ni kwamba modi hizi, kama zinavyoitwa, husambazwa kutoka simu hadi simu mpaka jina la aliyechora basi linafutika, halafu mtu mwingine anaziuza. Wachoraji wetu wanalia wizi kwa wenzao, si kwa Maleo.

Kwa waundaji wa hapa nchini hali imegeuka. Tatizo lao halijawa mashabiki wengi wenye madai, bali wachache wenye vipimo vya kigeni. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, mojawapo ya michezo ya kwanza ya pande tatu kutoka Kenya, ukimhusu mwanamke anayetafuta vitu vya kale vya Afrika. Baadaye yeye na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts. Andrew Kaggia, aliyekuwa amewageuza wanasiasa wa Kenya kuwa maroboti katika filamu fupi ya Wageuzi, alitoa Nairobi X mwaka 2015, mchezo wa kufyatua risasi ambapo viumbe wa anga wanaivamia Nairobi. Kazi ya namna hii hufanywa na mtu mmoja au kikundi kidogo, kisha hukaa kwenye skrini ileile inayoonyesha kandanda iliyogharimu mamilioni ya dola. Mchezaji haoni bajeti. Anaona goti lisilokunjika vizuri.

Isitoshe, wa kibandani hamlipi muundaji. Shilingi zake zinaingia kwa mwenye kibanda, aliyenunua mashine na anayelipia stima. Kwa kipimo changu cha hapo juu, dai lake kwa Konami ni jembamba, ila kwa mwenye kibanda ni nene, na kweli huko ndiko anakolipeleka: padi hii inavuta kushoto, nirudishie mechi yangu. Nafikiri hii ndiyo sababu mojawapo inayofanya hasira ya mashabiki wa Ulaya na Marekani ionekane ngeni kidogo hapa. Si kwamba sisi ni wapole. Njia ya pesa ndiyo haijatuunganisha na muundaji.

Meru, hata hivyo, ina aina ya shabiki ambaye wahariri wa Ulaya hawamfikirii, na kwangu yeye ndiye mgumu kuliko wote.

Mchukue mwanafunzi wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, pale Nchiru. Nchiru hiyohiyo ndiko yaliko makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Ameru. Kijana huyu anataka kuunda mchezo wa Mbwaa. Wameru husimulia kwamba walitoka Mbwaa, mahali penye maji ambapo wengi wamepatafuta upande wa Lamu, hasa kisiwa cha Manda. Huko walitawaliwa na Nguo Ntuni, watu wa nguo nyekundu, waliowapa kazi za kuwashinda: leteni kiatu chenye manyoya pande zote mbili, leteni mbwa mwenye pembe, fueni mkuki wa kufika mbinguni. Kwa baadhi ya wasimulizi, kiatu kilipatikana kwa kukata ile ngozi inayoning'inia shingoni mwa fahali, ambayo ina manyoya huku na huku, na mbwa alibandikwa pembe za digidigi. Mwishowe wakatoroka usiku, kiongozi wao akayapiga maji, yakagawanyika, wakavuka.

Mbuni wa michezo akiyasikia hayo anajua ameokota dhahabu. Mafumbo yapo, adui yupo, safari ipo, na kila fumbo lina jibu la akili badala ya nguvu. Lakini huyu muundaji atakuwa na mashabiki kabla hajauza nakala hata moja. Mzee wa Igembe atasema kiongozi hakuitwa jina hilo la mchezoni. Wa Imenti atasema kazi ya mkuki ilitangulia. Chuka watauliza kwa nini wamechanganywa humo, maana asili yao wanaisimulia kwa namna yao. Na akivuka kwenda Embu atakuta hadithi nyingine kabisa, ya Mwenendega na kichaka chake karibu na Runyenjes. Hao wote hawakulipa chochote. Wakidai mwisho ubadilishwe, je, nao wamedeka?

Hapana, kwa sababu wao ndio waliotia kilicho kikubwa kuliko pesa: hadithi yenyewe. Katiba, kifungu cha 11, inalitaka Bunge litunge sheria ili jamii zilipwe fidia au mrabaha utamaduni wao unapotumiwa, na Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tanzu za Utamaduni ya 2016 inataka jamii iridhie kabla. Duniani mifano ipo ya pande zote mbili. Mwaka 2018 kampuni ya Firaxis ilimtia Poundmaker, kiongozi wa Wakrii wa Kanada aliyesifika kwa kutafuta amani, katika mchezo wa Civilization VI, ambamo kazi ni kupanua dola. Jamii yake ikalalamika kwamba haikuulizwa, na kwamba mchezo wenyewe unamvika tamaa ya ukoloni mtu aliyeteswa nao. Lalamiko hilo lilikuwa juu ya hadithi, na lilikuwa na haki, kwa sababu Poundmaker hakuwa wa Firaxis kumtunga.

Mfano wa pili ni Never Alone wa 2014, uliotokana na baraza la wenyeji wa Alaska lenyewe, Cook Inlet Tribal Council, kwa hadithi ya Wainyupiaki iliyowahi kusimuliwa na mzee Robert Nasruk Cleveland. Waundaji walimwendea binti yake kumwomba ridhaa, wakakaa na wazee katika hatua za kazi. Na bado walibadilisha: mvulana wa hadithi ya asili akawa msichana, Nuna, mwenye mbweha mweupe. Kuomba ruhusa hakukumaanisha kukabidhi kalamu.

Ndiyo maana kwa mwanafunzi wa Nchiru ningetenganisha mambo mawili. Yaliyo ya siri, kama viapo na mambo ya ndani ya Njuri, jamii ina haki ya kuyafunga, na akiambiwa hapana, jibu ni hapana. Yaliyo wazi, ambayo bibi humsimulia mjukuu, aombe ridhaa, akubaliane juu ya mapato, kisha aandike kama mtunzi. Akitaka msichana ndiye afikirie ngozi ya shingo ya fahali, awe. Akiruhusu kila mzee asahihishe kila tukio, hatapata mchezo wa Wameru. Atapata kumbukumbu za mkutano.

Lakini aombe ridhaa kwa nani? Njuri Ncheke wana sauti inayosikika kote Meru, ila ni baraza la wanaume, na simulizi hizi zimehifadhiwa pia na wanawake ambao hawaketi humo. Akibisha hodi Nchiru tu, atapata muhuri na toleo moja. Akizunguka Tigania, Igembe, Imenti na Tharaka, atarudi na matoleo yasiyopatana, na itambidi achague. Kwa hiyo ningemwomba aweke skrini moja kabla ya mchezo kuanza, fupi, inayosema simulizi hii aliipokea kutoka sehemu gani, ni nani waliokubali watajwe, na ni matukio gani aliyoyabuni mwenyewe. Atakayekasirika baada ya kuisoma atajua kama ugomvi wake ni na Igembe au ni na kijana.